Kaka yangu anafua noti: ataishia kama Howard Hughes?

*"Shikamoo Daktari. Kaka yangu ana miaka 38, ana duka la vipuri vya pikipiki hapa Tanga. Kwa miaka mitatu sasa ananawa mikono mpaka ngozi inapasuka. Noti za mauzo anazifua kwa sabuni na kuzianika kwenye kamba chumbani kabla hajazihesabu. Maji ya kuoga anayatia Jik. Sisi tukirudi nyumbani lazima tuache viatu nje, tubadili nguo ukumbini na tunawe mbele yake, la sivyo hali chakula. Udhu wa alfajiri unamchukua mpaka kunapambazuka. Mama anasema ni jini. Mimi nilisoma habari za tajiri wa Marekani, Howard Hughes, mwenye ndege na filamu, aliyejifungia chumbani kwa kuogopa vijidudu mpaka akafa amekonda. Nimeogopa sana. Ni utajiri uliomharibu, au akili nyingi? Kaka yangu ataishia vile? Na sisi tunaomtii ili apate amani, tunakosea?"*

Marahaba, dada. Kabla ya yote nakuomba utulie. Siwezi kumpima kaka yako kwa barua, lakini unayoyaeleza yanafanana sana na ugonjwa ambao sisi huku kliniki tunaujua vizuri, uitwao OCD: hofu inayorudi kila mara, na vitendo ambavyo mtu anajiona analazimika kuvirudia ili aituliza. Una tiba, na wengi wenye nao wanaendelea na kazi zao na kulea watoto wao. Umeniuliza mambo matatu. Mawili ya kwanza hayana maneno mengi. La tatu, la ninyi kumtii, nitakaa nalo zaidi, maana kwa maoni yangu hapo hasa ndipo Hughes alipoangamia.

Tuanze na mtu mwenyewe. Howard Hughes alizaliwa Texas mwaka 1905. Baba yake alisajili mwaka 1909 kichwa cha keekee kilichoweza kupasua mwamba mgumu kwenye visima vya mafuta, na badala ya kuwauzia wachimbaji akawa anawakodishia, kwa hiyo pesa ilikuwa ikiingia bila kukoma. Mama alifariki 1922, baba 1924. Kijana akiwa na miaka 19 tu aliiomba mahakama imtambue kuwa mtu mzima, akaichukua kampuni na kuhamia Hollywood. Huko alitengeneza filamu ya marubani wa Vita Kuu ya Kwanza, iliyotoka 1930 baada ya kumeza karibu dola milioni 4, fedha za kutisha kwa wakati ule. Mwaka 1935 akaendesha ndege aliyoibuni na mafundi wake kwa kasi ya kilomita 567 kwa saa, rekodi ya dunia kwa ndege zinazoruka kutoka nchi kavu. Julai 1938 akaizunguka dunia na wenzake wanne kwa saa 91, na New York ikafurika watu kumpokea. Huyo ndiye mtu ambaye miaka 30 baadaye hakuweza kushika kijiko bila kukifunga tishu.

Utajiri ulimharibu? Hapana, kwa maana ya kuwa chanzo. Dalili zilikuwepo kabla hajamiliki chochote. Mama yake aliogopa mno maradhi, polio hasa, na alikuwa akimkagua mtoto mwili mzima. Akiwa na miaka kama 13, Hughes aliwahi kushindwa kutembea kwa muda, kisha akapona. Baada ya kifo chake mawakili wa mirathi walimpa mwanasaikolojia Raymond Fowler kazi ya kupitia barua, kumbukumbu na ushahidi wa watu waliomhudumia, naye aliufuatilia woga huu kutoka utotoni. Ugonjwa wenyewe humpata mtu mmoja mpaka wawili katika kila mia, awe tajiri au mchuuzi wa mchicha.

Akili nyingi nayo haina hatia. Kuna watu wanaodhani ugonjwa huu ndio uliompa kipaji, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuchungulia kila kitu. Kweli, kwenye ile ndege ya 1935 alisisitiza ribiti zote zilazwe sawa na bati ili hewa isikwame popote, na ikasaidia. Lakini kazi ile ilikuwa na mwisho: ndege inaruka, saa inasoma, mnajua mmeshinda. Tazama sasa ile ndege kubwa ya mbao, Hercules, yenye mabawa ya mita 97, aliyopewa kandarasi yake mwaka 1942 ili ivushe wanajeshi Atlantiki. Sehemu ya kuchelewa ilitokana na ugumu wa kazi yenyewe, na sehemu ilitokana na yeye kushindwa kuamua jambo na kuliacha. Vita vikaisha 1945. Ndege iliruka mara moja tu, tarehe 2 Novemba 1947, kama kilomita moja na nusu juu ya maji ya bandari ya Long Beach, kisha ikafungiwa. Ugonjwa ulimla kipaji. Kwa hiyo usimwache kaka yako bila tiba kwa kudhani kwamba ukali wake wa hesabu dukani utapotea akitibiwa. Hautapotea.

Sasa nikueleze kinachotokea kichwani. Ubongo wa kila mmoja wetu una sehemu inayotoa tahadhari: hiki kichafu, mlango hujafunga, rudi ukaangalie. Ukishanawa au ukishaangalia, inanyamaza. Kwa mwenye ugonjwa huu tahadhari hiyo ni kama king'ora cha gari kinacholia hata paka akipita juu ya boneti. Mtu anasikia hofu ya kweli kabisa, moyo unakwenda mbio, na mara nyingi mwenyewe anajua kwamba amezidisha. Ananawa. Hofu inashuka, kwa dakika chache. Katika dakika hizo chache ubongo unajifunza jambo la uongo: nimesalimika *kwa sababu* nimenawa. Kesho hofu inarudi na inadai kunawa mara mbili, keshokutwa mara tano, halafu sabuni haitoshi, inatakiwa Jik. Kila anapotii ndivyo inavyopata nguvu ya kuamuru tena.

Hapo utaelewa jambo linalowachanganya wengi wanaosoma habari za Hughes. Mtu aliyeogopa vijidudu kiasi kile, ilikuwaje akaishi miaka bila kuoga sawasawa, nywele zimefika mabegani, kucha hazikatwi? Ni kwa sababu tunadhani ugonjwa huu ni kupenda usafi. Msingi wake ni hofu. Masharti ya kuoga yakirefuka mpaka yakala saa nne, mtu anaona heri asianze kabisa, abaki kitandani ambako hakuna cha kugusa. Ukimwona kaka yako siku moja ameacha kufagia chumba au anarudia nguo ileile kwa wiki, usiseme amepona. Huenda amezidiwa.

Nije sasa kwenye swali lako la tatu.

Hughes alikuwa akiwaandikia wafanyakazi wake maelekezo. Mojawapo lina kurasa tatu na hatua tisa, na lote linahusu namna ya kumfungulia kopo la matunda. Meza iandaliwe kwanza. Kopo lisuguliwe kwa brashi na sabuni chini ya maji, mpaka karatasi ya lebo itoke pamoja na kila chembe ya vumbi. Likaushwe. Mfunguaji anawe mikono upya. Anapopakua matunda, kichwa chake kisiwe juu ya kopo, asiseme, asikohoe, asisafishe koo, asitikise hata midomo. Na watu wazima, wenye akili zao, walifanya hivyo. Walikuwa na mshahara mzuri, na wengi wao walimpenda.

Isome tena orodha hiyo, dada, kisha utazame ukumbi wenu. Viatu nje. Nguo zibadilishwe. Kunawa mbele yake.

Novemba 1966 Hughes aliingia hoteli ya Desert Inn, Las Vegas, usiku, akachukua ghorofa za juu. Wenye hoteli walipomtaka ahame, maana vyumba vile walikuwa wakivitegemea kwa wacheza kamari wakubwa wa mwaka mpya, aliinunua hoteli. Madirisha yakazibwa, na kwa miaka kama minne hakutoka chumbani. Hakuwa na usingizi, na kituo cha televisheni cha mji kilikuwa kikizima matangazo usiku. Akakinunua nacho, filamu zikawa zinaonyeshwa mpaka alfajiri. Alikuwa ameoa mwaka 1957, lakini ndoa ile iliisha kwa talaka mwaka 1971 baada ya miaka ya kuzungumza kwa simu. Ugonjwa angeupata hata angekuwa fundi baiskeli. Alichokipata kwa pesa ni watu wa kuutumikia ugonjwa huo usiku na mchana, na katika wote hao hakuna aliyelipwa kumwambia hapana.

Jambo linaloniuma kila nikisoma habari hizi ni hili. Mwaka uleule wa 1966, London, mwanasaikolojia Victor Meyer alichapisha taarifa ya wagonjwa wawili wenye vitendo vya kulazimika kama vya kaka yako. Chini ya uangalizi hospitalini waligusishwa vitu walivyoviogopa, kisha wakasaidiwa wasifanye vile vitendo vya kuondoa hofu. Wakapata nafuu. Hiyo ndiyo mbegu ya tiba tunayoitumia mpaka leo. Hughes alikuwa na uwezo wa kumleta yeyote duniani kwa ndege. Hakuna aliyemletea.

Na uwezo wa kupona ulikuwemo ndani yake. Mwaka 1973, akiwa London baada ya miaka mingi ya kulala kitandani, aliamka, akapunguzwa nywele, akapelekwa kiwanjani Hatfield na kurusha ndege tena, si mara moja tu. Muda mfupi baadaye alianguka akavunjika nyonga, na hakutembea tena. Sisemi alikuwa amepona. Nasema palikuwa na kitu alichokipenda kuliko alivyoogopa, na mtaalamu angeanzia hapo.

Kuna kipande kingine cha habari yake ambacho lazima ukijue, kisije kikakutisha bure. Hughes hakuuawa na kunawa mikono. Julai 1946 alikuwa akijaribu ndege ya upelelezi ikaanguka Beverly Hills. Alivunjika mbavu na mtulinga, pafu likasinyaa, akaungua vibaya. Akapewa mofini, baadaye kodeini, na kodeini hiyo hakuiacha tena mpaka kufa. Juu yake akaongeza Valium, yaani diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi, kwa vipimo vikubwa. Alipokufa tarehe 5 Aprili 1976, ndani ya ndege akipelekwa Houston kutoka Acapulco, alikuwa na uzito wa kama kilo 42 kwa mtu wa urefu wa karibu mita 1.9, picha za eksirei zilionyesha vipande vya sindano vilivyovunjikia mikononi, na figo zilikuwa zimeshindwa. Walitumia alama za vidole kuthibitisha kuwa ni yeye. Hayo yalikuwa maumivu ya ajali, uraibu na kukosa lishe, juu ya OCD. Kaka yako hayuko njia hiyo, na ninakuomba msimfungulie: asinunuliwe diazepam duka la dawa "apate usingizi". Inalewesha hofu kwa usiku mmoja, haitibu ugonjwa huu, na kuiacha ni kazi.

Mfanye nini basi? Kwanza, msigome ghafla. Najua mke wake amechoka, na kuna siku mtatamani kuingia na viatu mpaka sebuleni ili yaishe. Mkifanya hivyo bila yeye kukubali, atahamia kula chumbani, na mtakuwa mmepoteza imani yake. Chagueni wakati ametulia, si wakati wa chakula, na azungumze naye yule anayemheshimu zaidi. Maneno yawe mepesi: "Kaka, tunaona unavyoteseka. Huu ni ugonjwa, na tumegundua tukikusaidia kwa njia hii unazidi. Tunataka tukusaidie kwa njia nyingine. Tuanze na lipi?" Mwache yeye achague, na achague lililo rahisi. Labda kubadili nguo ukumbini kuendelee kwanza, lakini kunawa mbele yake kukome. Mkishakubaliana, shikeni hapo nyote, mama pia. Siku za mwanzo atahangaika, pengine atapandisha sauti. Kaa naye, zungumzeni mengine, mpira, watoto, bei ya tairi. Hofu ikiachwa bila kutiiwa hupanda, kisha hushuka yenyewe, na anatakiwa aione ikishuka mara nyingi mpaka ubongo uamini.

Pia atakuuliza: "Una hakika umenawa? Hukugusa mlango?" Mjibu mara moja, kwa upole. Akiuliza tena, mwambie, "Nimeshakujibu, na hilo swali ni la ugonjwa." Kumhakikishia mara kumi ni sawa na kumnawisha mara kumi.

Usimwambie ajikaze, wala usimcheke. Na msimlaumu kwa imani haba. Kuhusu mama na jini, sitabishana na mama. Dua na kisomo viendelee kama vinamtuliza mgonjwa na nyumba. Ninachokataa ni kufungwa kamba, kupigwa au kufukizwa moshi mpaka akose pumzi, na kuahirisha hospitali kwa ajili ya hayo. Kwa upande wa udhu, mtafuteni sheikh anayemsikiliza. Wanazuoni wa fiqhi wamelizungumzia hili tangu zamani: yakini haiondolewi na shaka, na mwenye wasiwasi aliyekithiri anatakiwa asiifuate shaka yake. Sheikh akimwambia aoshe mara tatu aende akaswali, na akamkatalia ruhusa ya kurudia, atakuwa amefanya nusu ya kazi yangu. Nimeona maendeleo makubwa pale kliniki na msikiti zinaposema neno moja.

Kuhusu tiba yenyewe nitakuwa mkweli. Ile ya kukabili hofu, ikifanywa na mtu aliyefunzwa, kwa kawaida mara moja kwa wiki kwa miezi kadhaa, huwapa nafuu kubwa zaidi ya nusu ya wanaoimaliza. Ni ngumu, na wapo wanaoiacha njiani. Shida yetu ni kwamba wataalamu waliofunzwa ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Dawa zinapatikana kwa urahisi zaidi: fluoksetini au sertralini, kwa vipimo ambavyo mara nyingi huwa vikubwa kuliko vya sonona, na lazima asubiri wiki 8 mpaka 12 kabla ya kusema hazifanyi kazi. Wengi huacha wiki ya tatu kwa kukata tamaa. Hazileti uraibu kama kodeini, ingawa haziachwi ghafla. Klomipramini ni ya zamani na ina nguvu, lakini hukausha mdomo, hufunga choo na inaweza kugusa moyo, hivyo daktari huupima moyo kwanza. Kama ningechagua kwa kaka yako, kwa ukali unaoueleza, ningeanza na dawa na mazoezi ya kukabili hofu pamoja. Tegemeeni nafuu ya kumrudisha dukani na mezani. Mawazo machache yanaweza kubaki, na ugonjwa hupanda na kushuka, hasa wakati wa misiba na madeni.

Jik iondoke kwenye maji ya kuoga wiki hii hii. Kwa ngozi iliyopasuka inaunguza na kufungua njia ya usaha, na ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi inayoweza kuua mtu bafuni. Mpe mafuta mazito ya kupaka mikono kila anapomaliza kunawa.

Usingoje barua nyingine kutoka kwangu. Mtu ambaye vitendo hivi vinamla zaidi ya saa moja kwa siku anastahili kuonwa ana kwa ana, na kaka yako amekwishapita hapo. Anzeni kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa; ikishindikana ombeni rufaa ya Muhimbili au Mirembe, Dodoma. Mpelekeni siku hiyohiyo, usiku pia, kama ameacha kula au kunywa, kama mikono imevimba na anapata homa, kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kama ametamka kwamba ni heri afe. Hilo la mwisho mkimhisi nalo, muulizeni wazi. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Msimwache peke yake mpaka aonwe.

Kabla ya kwenda, mkae na mke wake mwandike kwenye karatasi kila kitu mnachokifanya kwa ajili yake kuanzia anapoamka mpaka analala: nani anamletea maji, mnanawa mara ngapi, noti zinafuliwa saa ngapi, nani anazianua. Mpeni daktari karatasi hiyo. Atahitaji kuijua sehemu yenu kama anavyohitaji kuijua ya mgonjwa.